Saa Tatu na Dakika Kumi

Mimi Kiingereza nilikiogopa kuliko bunduki, na bunduki nazijua, maana ndizo zilizotutoa kijijini kwetu Kibati. Mwaka mzima tulilala kwenye saloni, yaani sebuleni, kwa shemeji yangu hapa Goma, mimi na watoto wangu wawili. Siku moja akaniambia bila kunitazama usoni: "Shemeji, mwisho wa mwezi mutafute fasi ingine." Mahali gani? Nilikuwa na Kibati tu, na huko risasi zilikuwa bado zinalia.

Ndipo nikasikia nyumba moja kando ya ziwa inatafuta mama wa kupokea wageni, na kazi inakuja na chumba. Ila lazima Kiingereza kidogo. Wakanipa randevu, miadi ya kwenda kuulizwa maswali. Mdogo wangu, aliyekaa Kampala miaka mingi, akacheka. "Batakuuliza mambo mbili tu: ni saa ngapi, na jana ulifanya nini. Randevu ni saa tatu. Tuanze."

Ya jana niliiandika kwenye kaye, daftari langu, nikaikariri: niliamka, niliosha vyombo, nilienda sokoni. Saa ndizo zilizonishinda. Robo, nusu, kasoro, yote yakachanganyika. "Weye, kichwa yako ni jiwe ya volkano," mdogo wangu akasema. Basi nikaamua mwenyewe. Randevu ni saa tatu, watanisalimu, halafu watauliza. Nikajifunza kusema saa tatu na dakika kumi, hiyo peke yake, mpaka watoto wakaikariri pamoja nami.

Saa tatu kamili nilikuwa kwenye benchi, saa ya marehemu baba mkononi. Hakuna aliyeniita. Zikafika dakika tano, nane, kumi. Yee mama! Nilitaka kugonga mlango. Mshale ulipoanza kupita, nikavuta kile kifungo cha pembeni, saa ikasimama. Nikaifunika kwa kiganja, jasho linanitoka, hadi jua likafika utosini.

Aliyeniita alikuwa mama Mkenya, msimamizi wa nyumba. Akaniuliza kwa Kiingereza ni saa ngapi. Nikajibu vizuri kabisa: saa tatu na dakika kumi. Akatazama jua la mchana dirishani. Akanishika mkono, akaona kifungo kimevutwa. Nikajua watoto wangu wanarudi Kibati.

"Na jana ulifanya nini?" akauliza.

Kaye yote ikatoweka kichwani. Nikakusanya maneno machache yaliyobaki: "Jana nilijifunza dakika hii tu. Niliogopa."

Hakucheka. Akakirudisha kifungo kwa kidole chake, saa ikaanza kutembea. Akasema kwa Kiingereza nije kesho, akataja na saa. Saa ndiyo sikuielewa. Kumwuliza arudie, au aseme kwa Kiswahili, ni kukiri kwamba sijui kitu. Nikashukuru, nikatoka.

Kesho yake niliondoka majogoo wakiwika, mimi ninayeogopa hata kwenda msalani gizani. Barabara ilikuwa tupu, nikaipita mbio huku naomba. Nikaketi mlangoni pale, ili saa yoyote aliyoitaja inikute.

Alifika jua likiwa tayari linachoma. Akanitazama, akatazama vumbi miguuni mwangu, akatoa mfukoni ufunguo wa chumba.

Alitaja saa gani siku ile? Mpaka leo sijathubutu kumwuliza.