Viatu vya Mlangoni kwa Bibi Zuwena

Kuna mchana mmoja wa Dubai ambao haujanitoka kichwani, mwanangu, na tangu jana uliponisomea ile barua ya kodi ya ardhi umenirudia wote, pamoja na joto lake. Ulisema mthamini anakuja Jumanne kuangalia upya kama nyumba yetu ni ya kukaa au ya kupangisha. Kisha ukasema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua, kwamba siku hiyo shangazi yako na watoto wake wakae kwa jirani, wasije wakadhaniwa wapangaji. Sikukujibu. Nilimimina chai, nawe ukadhani nimekubali. Ngoja nikujibu leo.

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, nimetoka Machakos na sanduku moja, nauza vitambaa kwenye duka moja la Deira. Siku hizo maduka yale yalifungwa saa saba mchana, yakafunguliwa tena saa kumi. Kwa wenye nyumba karibu hayo yalikuwa mapumziko. Kwetu sisi tuliolala Discovery Gardens, mbali kule pembeni mwa mji, yalikuwa adhabu. Basi la kampuni lilituleta asubuhi na kuturudisha usiku, na katikati hapo hukuwa na pa kwenda. Nje jua linachoma, na ukizunguka sana madukani bila kununua kitu, mlinzi anaanza kukufuata kwa macho.

Siku moja nilijibanza kwenye ngazi za jengo kuukuu huko Al Baraha, si mbali na duka, nimevua viatu, nala mkate mkavu. Mwanamke mzee akapanda taratibu na kapu lake la sokoni.

"Weye mtoto, nani kakutuma ule ngazini?"

Nilimwomba msamaha, nikasema naondoka.

"Sijakufukuza. Nakuuliza kwa nini huli ndani. Hebu shika kapu hili."

Huyo ndiye Bibi Zuwena. Alikuwa Mzanzibari, mjane, amekaa Dubai miaka mingi hata Kiarabu chake kikawa kama cha wenyewe. Aliishi peke yake katika fleti ya vyumba viwili, na mwanawe aliyefanya kazi mji wa Al Ain ndiye aliyemlipia kodi. Kumbe sikuwa wa kwanza kuokotwa ngazini. Sebuleni nilikuta wasichana wa Uganda wa saluni, Watanzania wa duka la simu, na mlinzi mmoja, Mkamba mwenzangu, jina lake Mutua, wote wamejinyoosha kwenye mikeka. Bibi alitupa chai ya tangawizi na vitumbua, wala hakutaka chochote. Sharti lake lilikuwa moja tu, viatu vibaki mlangoni. Kila mchana mlango ule ulikuwa kama wa msikiti siku ya Ijumaa.

Sasa, mji ule hutoza ada ya nyumba kila mwaka, na ada hiyo hukadiriwa kwa kodi ya pango; nyumba ya wapangaji wengi hutozwa zaidi. Mwaka ule mkaguzi wa manispaa alipita mchana, saa ile ile yetu. Akaona viatu, akaona watu wamelala, akaandika alichodhani amekiona, kwamba Bibi anapangisha nafasi za kulala. Wako waliofanya hivyo, tena wengi, kwa hiyo simlaumu. Ada ikapanda vibaya. Mwanawe akapiga simu: hesabu ile isipobadilika hataiweza, na mama itabidi afungashe ahamie kwake Al Ain. Bibi alituambia habari hiyo huku akikoroga chai. Mumewe alifia katika fleti ile. Hakutaka kuondoka, na sisi hatukujua tungekwenda wapi.

Akaenda mwenyewe ofisini kupinga. Hakupiga kelele. Aliomba jambo moja tu, kwamba mkaguzi yule yule aje tena, saa ile ile.

"Bibi ametumaliza," alisema Mutua, na sote tukashika vichwa. Tukakubaliana siku hiyo mtu asikanyage pale. Mimi, niliyejiona mjanja kuliko wote, niliwahi kwenda kukunja mikeka na kuficha vikombe. Bibi akanikuta nimekumbatia mkeka kifuani.

"Wafanya nini?"

"Natengeneza, Bibi. Akija aone nyumba ya mtu mmoja."

"Na akiniuliza habari zako, n'seme sikujui?"

Nikauteremsha mkeka chini.

"N'mekwenda kuwaambia hesabu yao si ya kweli," akaendelea. "Sasa n'wajibu kwa uongo wangu? Tandika. Kisha wapigie wenzio, waambie chai tayari."

Wakaja, roho mkononi. Mkaguzi naye akaja, kijana nadhifu wa kanzu nyeupe, hana ubaya usoni. Akatazama viatu, akatutazama sisi, akatikisa kichwa. Bibi akampa kahawa na tende, akamwomba asiandike kitu mpaka saa kumi. Kiarabu changu cha dukani kilitosha kuelewa hilo.

"Nina kazi, hajja."

"Kaa, mwanangu. Hata kahawa haijapoa."

Akakaa. Ilipokaribia saa kumi, Mutua akaamka, akanawa uso, akaaga, akavaa buti zake. Wakafuata wasichana wa saluni, kisha vijana wa simu. Kila aliyetoka alichukua vyake. Mimi nilijichelewesha makusudi. Nilipoinama kuchukua viatu vyangu, pale mlangoni palibaki makubadhi ya Bibi, yameliwa kisigino, na viatu vyeusi vya mkaguzi. Nilipogeuka, mkaguzi alikuwa nyuma yangu anavitazama.

Akapita vyumbani. Kimoja kilikuwa na kitanda cha Bibi, kingine cherehani na masanduku.

"Hawa wanakulipa nini?" aliuliza.

"Muulize huyo," Bibi akasema, akinionyesha mimi.

"Hatumlipi," nikasema. "Yeye ndiye anatulisha."

Akamaliza kahawa yake. "Khalas, hajja," akasema, yaani basi, yamekwisha.

Ada ikarudi ilipokuwa. Siku niliyoambiwa nililia, tena kwenye ngazi zile zile. Miaka baadaye, nimesharudi Machakos, nilipata habari kwamba Bibi ametangulia mbele ya haki akiwa katika fleti yake.

Kwa hiyo kupinga, mwanangu, pinga. Barua ikikosea usinung'unike jikoni. Nenda kabla muda haujapita, beba karatasi zako, sema na watu kwa adabu, maana hata aliyekosea yuko kazini. Lakini usimfiche mtu wako ili upunguziwe kodi. Shangazi yako hajapanga hapa. Amefiwa na mume, akaja kwa kaka yake kwa kuwa hakuwa na pengine. Jumanne mwache akae sebuleni na wanawe, mthamini aulize, nasi tujibu. Akikataa tutakata rufaa, na tukishindwa kabisa tutalipa.

Jana alikusikia. Usiku nilimwona anakunja nguo za watoto na kuzipanga kwenye begi. Nenda sasa hivi ukamwambie azitoe. Mungu akupe haki yako popote utakapoidai, na akujalie mlango usiokosa viatu vya watu.