Mkwe Aliyesema na Mgomba

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni ile niliyomkimbia baba mkwe wangu mara ya tatu, mtoto mgonjwa akiwa mgongoni. Kaa hapa mkekani nikusimulie, na usinicheke kabla sijamaliza.

Zilikuwa enzi za Wajerumani. Mimi ni Mkisi wa Ikombe, nimezaliwa kwenye udongo na vyungu, nikaolewa huku Ikolo kwa Wanyakyusa. Wajua mila ya huku: mke haonani uso kwa uso na baba wa mumewe. Ukimwona njiani unaingia migombani, na jina lake hulitaji. Nilikuwa mgeni, nikataka waseme nimelelewa. Wee! Nilivyoikaza ile heshima, hata wenye mila yao walinishangaa.

Mume wangu alikuwa amechukuliwa kubeba mizigo ya Wajerumani. Mwanetu Ambakisye, wa miaka mitano, akaanza kulia kwa maumivu ya mguu wa kushoto, chini ya goti. Majirani wakasema, "Ni mifupa ya ukoo hiyo. Humwoni mkwe wako alivyopinda miguu?" Kweli, mzee alikuwa na matege ya kuzaliwa nayo, na baba yake vilevile. Nikaamini. Nikawa namkanda kwa maji ya moto, nangoja maumivu yatulie.

Mzee akasikia kilio, akaja. Nikakimbilia migombani na mtoto. Kesho yake akaja tena, nikakimbia. Akamtuma jirani aseme anataka kuushika ule mguu. Nikadhani ananipima adabu, nikakataa. Mjinga mimi! Homa inapanda, mtoto hawezi hata kukanyaga.

Siku ya tatu nilipokimbia, hakunifuata. Alisimama mwanzo wa migomba, akanipa mgongo, akaanza kusema na mgomba.

"Mgomba, mwambie mama Ambakisye. Maradhi yetu nayajua, nimelala nayo maisha yangu yote. Huuma miguu yote miwili, huuma na mikono, huja na baridi yakaondoka. Hayana moto. Muulize, mguu wa mtoto una moto?"

Nikaweka mkono. Ulikuwa unaunguza, mahali pamoja tu. Ule mwingine haukuwa hivyo. Nikamjibu mgomba huku nalia, "Mwambie baba, una moto."

"Basi ni usaha, umeingia mfupani. Mwambie twende misheni, sasa hivi."

Akatangulia na yale matege yake, mimi nyuma na mtoto. Kila nilipochelewa nilimkuta amesimama, amenipa mgongo, ananingoja. Kule, daktari wa Kijerumani alipoiona miguu ya mzee pale mlangoni, akasema kwa mkalimani kuwa ni ugonjwa wa ukoo tu. Mzee akapaza sauti, "Shika wangu, kisha shika wake!" Daktari akashika, akaagiza visu vyake. Akampasua mtoto siku hiyohiyo. Usaha ukatoka, na baadaye kipande cha mfupa uliokufa.

Mtoto alipona, lakini mguu ulibaki mfupi. Huyo ndiye baba yako, anayechechemea kwenda shambani kila asubuhi. Ule ufupi ni siku zangu tatu za kukimbia migombani.

Mzee alikufa sijawahi kumtazama usoni. Mgongo wake ningeutambua popote. Nilimpenda yule mzee, mwanangu, na sikupata kumwambia.

Basi sikiliza. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwenye maradhi akisema "haya si yangu", msikilize. Usiseme "ni ya ukoo" kabla hujaweka mkono kwenye miguu yote miwili, ukalinganisha. Na heshima ishike, sikukatazi, lakini isikufanye umkimbie anayekuja kumwokoa mwanao.

Mungu akujalie wazee wa kusema hata na mgomba kwa ajili yako. Ndaga, asante kwa kunisikiliza, mwanangu. Sasa mfuate baba yako shambani, na njiani usimharakishe.