Chakula cha Baba

Watu wazima wa Bigwa walinipenda kwa sababu nilikuwa mnene. Nasema watu wazima, maana watoto wenzangu walikuwa na majina yao ya kuniita: bonge, tipwatipwa, na siku wakijisikia, lori. Lakini mama yeyote tuliyekutana naye njiani aliitikia shikamoo yangu kwa furaha, akaniminya shavu, kisha akamgeukia mama yangu.

"Shoga, mtoto kanawiri huyu! Kumbe shemeji huko aliko anawakumbuka."

"Anatukumbuka," mama alijibu. "Tunamshukuru Mungu."

Baba hakuwa ametukumbuka hata kwa salamu. Alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda kimoja cha serikali pale mjini Morogoro, mpaka enzi za ruksa, za biashara huria, zilipokolea na kiwanda kikaanza kutafutiwa mwekezaji. Wakapunguzwa wengi, naye akiwemo. Wenzake wengine walirudi mlimani kulima, wengine wakapata vibarua upande wa Mzinga. Baba alisema mtu hawezi kuwa kibarua baada ya kuwa fundi, akafunga begi lake akaenda Mererani, kule kaskazini, kuchimba madini. Nilikuwa darasa la tatu. Siku anaondoka aliniinamia akaniambia, "Mwangalie mama yako," nami kwa bahati mbaya nilikuwa mtoto wa kushika maagizo.

Kwetu mtu wa nyumbani akiwa hajarudi, anawekewa. Huwezi kula ukamaliza kana kwamba hayupo duniani. Kwa hiyo kila jioni mama alisonga ugali wa watu watatu, akapakua, akamwekea baba tonge kubwa kuliko yote na kipande cha katikati cha samaki, akafunika kwa kawa. Wiki za mwanzo lilikuwa jambo la kawaida kabisa. Mabasi ya kaskazini yaliharibika njiani, mtu angeweza kuingia saa yoyote. Baadaye haikuwa kawaida tena, ila mama hakuacha.

Alfajiri aliondoka kwenda Mwembesongo, ambako alikuwa na meza ya mitumba ya watoto. Aliporudi jioni alikuta chakula cha baba kimechacha, akawamwagia kuku. Kisha aliketi kwenye kizingiti cha jikoni, mkono shavuni, na hata nikimsemesha hakujibu. Nilikuwa mtoto wa pekee na nyumba yetu ilikuwa ya mwisho kabla ya mashamba. Kukiwa kimya unasikia kijito kikishuka kutoka Uluguru, basi. Kimya kile nilikiogopa kuliko fimbo za mwalimu.

Asubuhi moja nikakila. Sikuwa na njaa, nilikuwa nimeshakunywa chai na kiazi. Nilifunua kawa, nikala ugali ule mgumu wote na samaki wake, nikaosha sahani na kuiinamisha kichanjani. Jioni mama aliiona. Hakuuliza kitu. Alikoka moto, na wakati anachekecha unga akaanza kuimba kwa sauti ya chini, jambo ambalo sikuwa nimelisikia tangu baba aondoke. Basi nikajua kazi yangu ni ipi.

Nilikula chakula cha baba kila asubuhi, mpaka nikaacha kuona ajabu. Mwanzoni kilinishinda, nikawa nameza na maji. Baadaye nikawa nazungumza naye. Nilimweleza kwamba maduka sasa yamejaa, soda za kila rangi, biskuti za kwenye pakiti, mafuta ya kula huyapangii foleni tena. Nilimweleza hesabu zilizonishinda. Ilikuwa saa nzuri kuliko zote za siku yangu, na nasema bila aibu, maana shuleni sikuwa na mtu. Sikuchaguliwa kwenye kombolela wala kwenye kuruka kamba, na mapumziko niliyamalizia nyuma ya darasa, nikitazama wingu likifunika mlima na kuufunua.

Magoti yalianza kuuma, mapaja yakawa yanachubuka. Mama akanipeleka hospitali, na hapo nikapandishwa kwenye mizani ukumbini mbele ya foleni nzima. Daktari akasoma kilo zangu kwa sauti, watu wakacheka. Akamwambia mama, "Mpunguzie chakula. Anakula kama askari."

Tulipofika njiani mama akasema, "Nikupunguzie, watu waseme nini?"

Siyo kwamba hakunipenda. Miaka ile mtu akikonda, watu hawakumuuliza anaumwa nini. Walitazamana. Ugonjwa ulikuwa umeingia nyumba nyingi, na wanaume wa machimboni walisemwa kuliko wote. Mtoto wa mchimba madini akianza kukonda, mtaa mzima ungejua baba amekufa na mama yuko njiani. Unene wangu ndio uliokuwa barua ya baba, na mama alitembea nayo Bigwa nzima. Mimi nilielewa. Kesho yake nikala kama kawaida.

Nilianguka kwenye mchakamchaka. Wenzangu walikuwa wanaimba na kukimbia kuzunguka uwanja, mimi nikiwa nyuma kabisa peke yangu na mwalimu mwenye fimbo, na pumzi ikakatika. Hiyo ndiyo iliyoturudisha hospitali.

Safari hii daktari alikuwa mwanamke, mgeni Morogoro, mwenye Kiswahili cha Bukoba. Nilipoingia nikavua viatu mwenyewe nikaelekea kwenye mizani. Akafunga mlango.

"Vaa viatu, binti yangu. Leo sikupimi."

Aliniuliza panapouma, kisha akaniuliza kama anaweza kulishika goti langu. Nilimtazama mama, kwa sababu sikujua swali kama hilo linajibiwaje. Mwili wangu ulikuwa unaminywa na kila mtu na hakuna aliyewahi kuomba.

Akaendelea taratibu. Nalala vizuri? Shuleni nacheza na nani? Asubuhi nakula?

"Ndiyo."

"Unakula na nani?"

"Na baba."

"Baba yake hayupo, daktari," mama aliwahi. "Yuko Mererani."

"Nakula chakula chake," nikasema. "Ili mama asikikute."

Nilimgeukia mama nikitegemea ashangae. Hakushangaa, na hilo ndilo lililoniuma. Alikuwa anatazama sakafu.

"Nilijua," alisema. "Nilijua, lakini nikirudi nikakuta sahani tupu..."

Daktari hakumkaripia. Alimsogezea kiti karibu na changu. Akaniuliza nani alinipa kazi hiyo, nikamwambia ni baba, alisema nimwangalie mama. Akasema kazi hiyo ni kubwa kuliko mimi, na kuanzia leo yeye na mama watanipokea mzigo huo. Mama akauliza basi nile nini, niache nini. Daktari akasema hayo watayazungumza tukirudi, tena tutarudi sana, wote wawili. "Kwanza asile peke yake. Na lolote unalolijua kuhusu baba yake, mwambie."

Na mimi niliishia kwenye kazi hii hii, ya kutibu watoto wenye miili kama niliyokuwa nayo. Siku hizi tunafanyiwa semina, kwa chai na sambusa, tunaelezwa kwamba kabla ya kumuuliza mtoto amekula nini, tuulize amepatwa na nini. Washiriki wanaandika haraka haraka. Mimi nakula sambusa yangu. Mwili wangu ulichukua miaka kupungua na haujawa mwembamba mpaka leo, na mtu anayedhani daktari yule alinitibu unene hajaelewa nilichokuwa naumwa.

Tukirudi nyumbani siku ile tulikutana na jirani anatoka kisimani.

"Mnatoka wapi na mwanetu? Shemeji hajambo?"

Mama alinishika mkono. "Sina habari zake, shoga. Tangu aondoke sina habari zake."

Jirani aliishika vizuri ndoo yake kichwani, akashika njia yake. Kwa muda mrefu baada ya hapo alipunguza kuja kwetu, na wengine pia. Hatukuwa tena nyumba ya kupongezwa.

Jioni ile mama alisonga ugali mdogo. Alipakua sahani mbili, tukakaa wote jamvini, na tulipomaliza akasema, akiangalia mikono yake, "Baba yako sijui yuko wapi. Sijui kama yuko hai. Nadhani harudi." Nikasema sawa, mama. Nikalala.

Asubuhi hakwenda Mwembesongo mapema. Niliamka nikamkuta anakoroga uji. Mezani hapakuwa na kitu kilichofunikwa. Nilisimama pale na maneno yangu niliyokuwa nimemtunzia baba, kuhusu daktari na kuhusu goti, nisijue niyapeleke wapi. Nilimchukia mama, namkumbuka kabisa akinipa kikombe na mimi nikimchukia. Kisha nikaanza kulia, kwa sauti, kama mtu aliyeletewa habari ya msiba sasa hivi.

Mtoto akilia, neno la kwanza la kila mtu kwetu ni nyamaza. Mama aliepua sufuria, akaketi chini kando yangu, akaniacha nilie.