Maji ya Siku ya Gulio

Ipo siku moja, mwanangu, hainitoki kichwani. Nikikaa kuchambua mchicha hapa Same kwa binti yangu, yenyewe inakuja tu. Nacheka peke yangu mpaka wajukuu wanasema bibi ameanza. Sijaanza kitu. Nawakumbuka watu.

Mimi kwetu ni Mamba, huko juu kwenye tangawizi. Nikaolewa tambarare, upande wa Ziwa Jipe, karibu kabisa na mpaka. Ukisimama uani unasikia jogoo wa Kenya anawika. Na ziwa lilikuwa ziwa bwana, maji yanang'aa, siyo haya matete ya leo. Joto la kule lilinitesa, lakini hilo tuliache. Mama mkwe wangu, Nakijwa, akanigawia kashamba kangu. Mahindi yangu ya kwanza katika nyumba ya watu! Unaelewa maana yake? Bibi harusi mgeni, kila mtu anautazama mkono wake. Nikapanda, nikapalilia, yakasimama mpaka wapita njia wanageuza shingo.

Shamba lile lilikuwa linanyweshwa na mfereji, kwetu tunauita mfongo. Maji yake yalichepushwa kutoka kijito cha huko Kenya, yakapita mashamba ya wenzetu, ndipo yakavuka mpaka kuja kwetu mkiani.

Basi, mahindi yamefika pale pa kutoa mbelewele, mfereji ukakauka. Kau! Na hapo ndipo pabaya, mwanangu, mahindi yakikosa maji wakati wa mbelewele unavuna mabua. Nilikwenda nikakuta tope limepasuka, hata vyura wamehama. Nikarudi nimeshika kiuno kama mtu aliyefiwa.

Mume wangu Elisante akapandisha hasira. "Wametuzibia makusudi hao! Kesho tunakwenda kuvunja!" Jioni vijana wamejaa uani, mapanga, mitarimbo, kila mmoja jemadari. Mimi nawakorogea uji, moyoni nasema nendeni tu, mahindi yangu yanakufa.

Mama mkwe alikuwa anapepeta maharage. Hakuinua hata kichwa.

"Elisante."

"Naam, mama."

"Mara ya mwisho kwenda msaragambo wa mfereji ilikuwa lini?"

Msaragambo, kama hujui, ndiyo kazi yetu ya pamoja sisi Wapare. Mfereji ukijaa mchanga, watu wote wanaounywa wanatoka kuuzibua, wa juu na wa chini. Asiyetoka hana zamu ya maji.

"Lakini mama, mpaka si ulifungwa?"

"Ulifungwa, ukafunguliwa. Si nakuona unakwenda Taveta kununua sabuni? Kuvuka na kikapu unajua, kuvuka na jembe hujui?"

Kijana mmoja akakohoa, mwingine akajifanya anatafuta kiatu.

Na kweli ndivyo ilivyokuwa. Mpaka ulipofungwa ile miaka serikali mbili zilipogombana, wazee wetu wakaacha kupanda kusafisha. Ulipofunguliwa, watu wakakimbilia sokoni, mfereji hakuna aliyeukumbuka. Wenzetu wanazibua, sisi tunakunywa tu huku chini, tunajiona tuna haki.

Asubuhi mama mkwe akanitwika sufuria la makande, mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja. Halafu akasimama njiani, kila anayepita anamkagua. "Jembe, pita. Panga, rudi." Elisante alirudishwa, akaja tena kaficha panga ndani ya koti, akarudishwa tena. Wee! Nilicheka mpaka makande yakataka kumwagika.

Tukaufuata mfereji mpaka kwenye chanzo chake kule kijitoni. Tukawakuta watu wamesimama kwenye tope, wanachota mchanga. Mwanamke mmoja mwembamba, mtoto mgongoni, kajifunga leso, akatuona akaegemea jembe lake. Huyo ndiye Mwende.

"Nyinyi ndio watu wa chini?"

"Ndio sisi," mama mkwe akasema.

"Haki ya Mungu, tulidhani mlikufa wote!"

"Bado kidogo. Kiu ndiyo imetuamsha."

Watu wakacheka. Mwende hakucheka. "Mama, kila mwaka tunachimba hapa mpaka mgongo unakatika, hatuoni mtu wenu. Mchanga umejaa, maji yamekuwa kidogo. Hayo kidogo tumeyafunga, tunayanywesha kwetu. Ni makosa?"

Elisante akafungua mdomo. Mama mkwe akamkanyaga mguu, niliona kwa macho yangu.

"Si makosa, mwanangu. Ila ungemtuma mtu ashuke atuambie. Sisi tuliokaa kimya tumekosa zaidi. Haya, tuonyesheni pa kuanzia."

Hakuomba maji, unasikia? Aliomba pa kuanzia. Akapandisha khanga, akaingia kwenye tope na umri wake ule, sisi nyuma yake. Tulichimba mpaka jua likainama. Tukala sufuria moja. Mwende anatafuna, anasema, "Hii si ni githeri tu!" Namwambia ni makande. "Githeri." "Makande!" Tukabishana huku tunagombea yale ya chini yaliyoshika sufuria. Nikajua nimepata mtu.

Mwende ndiye aliyetoa wazo. Akawaambia wazee wao, "Siku ya gulio, soko linapojaa, sisi wote tuko Taveta, hakuna anayemwagilia. Maji yanabaki hapa yanafanya nini? Wachukue wa chini." Wazee wakatazamana, wakakubali. Zamu yetu ikawa siku za gulio, na msaragambo tukawa tunapanda kila unapoitwa.

Siku ya gulio iliyofuata nilisimama mkiani tangu alfajiri. Yakaja, mwanangu. Yanasukuma majani makavu na povu, yananguruma taratibu kama paka. Nikaingia na miguu yote miwili. Mahindi yale yalibeba, na mahindi ya kwanza kuchoma nilimpelekea Mwende.

Tangu hapo, kila akitufungulia maji alitupia majini kipande cha mgomba. Mimi kukiona kinaelea nilijua Mwende mzima, amekwenda sokoni. Mpaka leo nikiona maji yanapita mtaroni, macho yangu yanatafuta mgomba. Magoti ndiyo yalinileta Same. Maji ya bomba ninayo, lakini bomba halinisalimii.

Sasa juzi nimeletewa habari. Watu wa juu wameweka mashine za kuvuta maji, sisi wa chini nasi tumeweka, kijito kimebaki kauzi. Vijana wanatukanana kwenye simu, hata sura hawajuani. Eti wetu wanapanga kwenda kukata mipira ya wenzao ya kuvutia maji. Wajukuu wa Nakijwa hao! Chakula kilinishinda.

Ndiyo maana nakwambia wewe, mwanangu. Serikali mbili zikae zigawane maji kwa karatasi, ni kazi yao na waifanye. Lakini yako ni hii. Ukiwa mkiani, usipande na panga, panda na jembe, tena panda kabla maji hayajakatika, na chakula kichwani. Ukiwa juu, usifunge kimya kimya, mtume mtu ashuke aseme maji yamepungua, mkae mgawane hicho kidogo. Mashine izimwe siku moja wengine nao wanyweshe. Na mtafutane kwa miguu, siyo kwa simu. Mtu uliyekula naye sufuria moja, mkono unakuwa mzito kumkatia mpira.

Ukienda huko, mwulizie Mwende. Mwambie mimi bado nasema ni makande.

Mungu akujalie maji ya kunywa na ya kunyweshea, akupe mgongo wa kuinamia jembe, na huyo anayekaa juu yako, kabla hajafunga maji, alikumbuke jina lako. Amina.