Moto wa Kuomba, Mwihoko

Jumapili iliyopita anko, ndugu wa mama, alituita kwake, karibu na Kamakis, tule nyama. Mimi nilienda kwa sababu moja tu. Anko anamjengea shosho, yaani nyanya yangu, kanyumba ka vyumba viwili hapo Ruiru, na nilitaka kumwomba shosho nikimaliza shule nikakae naye, kama zamani. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya hiyo sentensi wiki nzima.

Anko alikuwa amenunua chimni ya kuwashia makaa, ya bati linalong'aa, ina mshikio mweusi. Akaiinua tuione. Akasema hakuna kupepea, hakuna mafuta taa, unaweka gazeti chini na makaa juu, halafu unaenda kukaa.

"Kwani ni nani amewahi kukuona ukipepea?" mama akamuuliza.

Watu wakacheka. Shosho alikuwa kwa kiti cha plastiki karibu na mlango, leso magotini, anaangalia ukuta. Moshi wa kwanza ukatoka, ule mweupe unaouma macho. Nakuambia wewe kwa sababu pale sikuwa na wa kuambia. Watu wakiwa wengi mimi huwa siongei.

Nililelewa na shosho Mwihoko. Mama alikuwa anafanya kazi kiwandani Thika, anakuja wikendi na mkate na uchovu, analala, anaenda. Sisi wawili tulikuwa na chumba kimoja kwa ploti ya mabati, milango inaangaliana, kamba za nguo katikati. Jioni kila mama anatoa jiko lake nje. Lakini mkebe wa kuwashia ulikuwa mmoja, wa shosho. Ulikuwa mkebe wa rangi, ule mkubwa, uliotupwa na fundi. Shosho aliuchoma mpaka rangi yote ikaisha, akatoa kitako, akatoboa matundu kwa msumari kuzunguka chini, akafunga waya juu. Ukiusimamisha kwa jiko na kuujaza makaa, moto ulikuwa unapanda wenyewe.

Kuwasha ilikuwa kazi yangu. Magunzi makavu ya mahindi chini, karatasi, makaa madogo, halafu makubwa, halafu kiberiti kwa kale kamlango ka jiko. Unangoja. Moshi unatoka, makaa yanapasuka kama bisi, halafu moshi unaisha na hewa juu ya mkebe inaanza kutetemeka, mpaka mlango wa jirani unaonekana kama uko ndani ya maji. Hapo unashika waya na kitambaa kilicholowa, unainua, na makaa yote yanaanguka kwa jiko yakiwa mekundu. Ile sauti naikumbuka kuliko sauti ya mwalimu wangu wa nasari.

Halafu majirani wanakuja kuomba moto. Anayeomba alikuwa anakuja na kipande cha makaa meusi, anakiacha kwetu, anabeba chekundu na kifuniko cha sufuria. Hakuna aliyefundishwa hivyo. Ukija mikono mitupu ungeonekana hujalelewa. Mama wa mapacha, wa mlango wa tatu, mtu wa Magharibi, ndiye alikuwa wa mwisho kila siku.

"Shosho, nimekuja kuiba."

"Iba, lakini uache kitu."

"Nikuachie pacha mmoja?"

"Yule wa kulia ama yule wa kula?"

"Beba wote, usirudishe." Halafu ananigeukia mimi. "Na huyu bibi wa moto haongei? Ama ulimi uliungua?"

Nilikuwa nacheka ndani ya sweta. Nilipenda hiyo kazi kwa sababu watu walikuja kwangu na sikuhitaji kusema chochote.

Sheria ya shosho ilikuwa kwamba jiko halivuki mlango kama bado lina makaa meusi. "Jeusi ni mwizi, jekundu ni mgeni," ndivyo alikuwa anasema. Basi wakati wa baridi ya Julai alikuwa anaingiza jiko likiwa jekundu, tunachoma viazi vitamu pembeni, tunapasha miguu moto, tunalala chumba kikiwa na harufu ya maganda.

Nikiwa darasa la tano mvua ya Aprili ilitukuta mkebe bado unatoa moshi. Shosho akaangalia mkebe, akaangalia mvua. Akauinua mapema, akaingiza jiko, akafunga mlango maana maji yalikuwa yanarukia kitanda. Nakumbuka kichwa kikiuma. Nakumbuka akiniambia nijinyooshe kidogo, na sauti yake ikiwa mbali kama ya redio ya jirani. Basi.

Mama wa mapacha alikuja na kipande chake cha makaa kama kawaida. Hakuona jiko mlangoni. Akabisha, kimya, akasukuma mlango na bega. Mimi niliamkia kwa matope, mvua usoni, yeye ananipiga mashavu huku anagomba kwa lugha yao. Shosho alikuwa ameketishwa kwa ngazi bila kitambaa cha kichwa. Sikuwa nimewahi kumwona hivyo mbele za watu.

Mama alikuja katikati ya wiki. Hakuna aliyegombana.

"Mum, si kwa ubaya," mama alisema akikunja nguo zangu.

"Najua."

"Atakuwa anakuja holide."

"Sawa."

Shosho akainama chini ya kitanda kutafuta kiatu changu cha pili, akakipangusa, akanivalisha, na mimi nilikuwa mkubwa wa kujivalisha.

Thika tuna gesi, unazungusha tu na moto uko. Holide zilikuja, lakini kila mara kulikuwa na sababu, ama mama ananipeleka na tunarudi siku hiyo hiyo. Halafu mwenye ploti akauza, wakajenga fleti, anko akamchukua shosho. Mama wa mapacha alirudi kwao na nambari yake haishiki tena.

Mwaka huu mwalimu wa kemia alitufundisha kwamba hata makaa mekundu hutoa gesi ya sumu, ile iliyotulaza siku ya mvua, na kwamba haina harufu. Niliandika nilichoambiwa niandike. Nilifikiria zile Julai zote, viazi pembeni, mlango umefungwa. Sijamwambia shosho. Sijui ningeanzia wapi.

Basi Jumapili, watu wakiwa wamezunguka nyama, nilichuchumaa kando ya kile kiti.

"Shosho, nikimaliza fomu foo nikuje tukae na wewe Ruiru?"

Alikunja leso magotini. Nilidhani hakusikia.

"Na mamako?"

"Nitamwambia."

"Hapana, kairitu." Aliniita kasichana kwa lugha yetu, akaweka mkono kichwani kwangu, halafu akautoa. "Mimi silali tena nyumba moja na mtoto wa mtu. Enda ule, nyama inapoa."

Unajua, naweza kukuambia juu ya ploti, kwamba haiko. Kwamba Thika simjui mtu wa mlango unaotazamana na wetu, na gesi ikiisha mama anapiga simu, kijana wa pikipiki analeta mtungi, na hakuna anayekuja kuuliza kwa nini hatujapika. Hayo nikiyafikiria yanauma kidogo. Lakini hilo neno, mtoto wa mtu, hapo sikuhisi kitu. Mimi nilikuwa wake. Hata mama alikuwa anasema hivyo, uliza shosho, huyo ni wake. Nilingoja nilie na hakukuja chochote, na hata leo nikiandika hapa bado nangoja.

Nikasimama nikaenda kwa foleni. Anko akaniuliza nataka mbavu ama mguu. Nikamwambia yoyote.