Kupima Chumba kwa Usingizi

Mtaani kwao hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mama Mto, kwa sababu ya mto wa kulalia aliotembea nao kwapani kama wenzake wanavyotembea na mkoba. Mgeni akimwona angedhani mama huyu katoka hospitali, au kagombana na mumewe anarudi kwao. Wapi! Mama Mto alikuwa anakwenda kupima chumba.

Kazi iliyomlisha ilikuwa mikate. Alikanda unga katika kiwanda kidogo cha mikate tangu alipokuwa msichana, na hakuwahi kutamani kazi nyingine. Aliingia kabla ya alfajiri, akatoka jua limeshapanda, unga umemjaa mpaka kwenye nyusi. Mikono yake ilikuwa na nguvu za ajabu. Mumewe, fundi bomba, alipenda kuwaambia watu kwamba alimwoa ili amsaidie kufungua koki zilizoshika kutu.

Tanuri la kiwanda lilijengwa likaegemea ukuta wa nyuma, na ukuta ule ulikuwa na joto usiku kucha. Waliokosa pa kulala waliujua vizuri. Walijipanga chini yake, migongo ukutani, miguu njiani, na kwa miaka mingi Mama Mto aliwaruka asubuhi akisema, "Samahani jamani, napita." Kisha asubuhi moja akakuta mwanamke amemfunika mtoto mchanga kwa gunia tupu la unga, gunia la palepale kiwandani, lenye chapa anayoiona yeye kila siku. Miguu ikagoma kuruka. Alimpeleka yule mwanamke kwa dada yake mwenyewe, aliyekuwa na chumba kitupu. Dada alilalamika kutwa nzima. Jioni alikutwa amembeba mtoto anamwimbia, na habari ya kulalamika ikaishia hapo.

Ndivyo kundi lao lilivyoanza, bila kikao wala muhuri. Kinyozi aliingia kwa sababu vichwa vyote vya mtaa vilipita mikononi mwake, na kila kichwa kilikuja na habari: fulani amehama, fulani ana chumba kimefungwa, fulani mpangaji wake ametoroka. Fundi bomba alirekebisha maji. Majirani wengine walitoa magodoro, ndoo, sufuria, mapazia ya zamani. Walikutana kwenye benchi la kinyozi, na mteja aliyekuwa kitini alihudhuria mkutano apende asipende, nusu ya kichwa ikiwa imenyolewa.

Mto ulikuja baadaye kidogo. Kulikuwa na bwana mmoja waliyempatia chumba kizuri, kina dirisha, kina taa, wakapeana mikono, wakarudi nyumbani vifua mbele. Haikupita wiki bwana akarudi kwenye ukuta wa tanuri. Kumbe chini ya chumba kile palikuwa na karakana ya kuchomelea vyuma, na wachomeleaji walianza kazi jua likizama. Hakuna hata mmoja wa kundi aliyekuwa amekaa mle ndani zaidi ya muda wa kupeana mikono. Mama Mto aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Akala kiapo: hakuna mtu atakayepelekwa kwenye chumba ambacho yeye hajakilalia.

Tangu hapo, chumba kikipatikana, alikwenda na mto wake mchana baada ya kazi. Alitandika mkeka, akaweka mto, akajinyoosha. Akipata usingizi, chumba kimefaa. Na hakuna chumba ambacho hakukipatia usingizi. Kinyozi akiwa amekaa mlangoni, akisikia mkoromo wa kwanza, alitangaza kwa sauti ya mtangazaji wa mpira: "Mkaguzi amelala, ndugu zangu! Chumba kimepita!"

Basi ndipo ikaja zamu ya Mzee Soli.

Mzee Soli alikuwa fundi viatu. Nyumba aliyokuwa amepanga ilibomolewa barabara ilipopanuliwa, na yeye akahamia barazani pa duka la vifaa vya ujenzi lililofungwa siku nyingi, pale pale kwenye barabara kuu. Mchana alishona viatu barazani, usiku alilala barazani. Sasa duka lilikuwa limenunuliwa. Mwenye mali mpya alikuja na kijiti cha chaki, akachora mstari chini, akasema Jumatatu mabati yanasimama pale na asimkute mtu ndani ya mstari.

Kinyozi alisaka chumba kama aliyepoteza pete. Alikipata kwa mama mmoja mwenye nyumba ndefu yenye vyumba mbele na nyuma, mwanamke mkavu, mwenye funguo nyingi kiunoni kiasi kwamba ulimsikia kabla hujamwona. Chumba kilikuwa cha nyuma kabisa, mwisho wa ukumbi, dirisha linatazama ukuta. Mama Mto alikilalia. Alilala usingizi wa pono, mpaka mwenye nyumba akalazimika kugonga kifuniko cha sufuria karibu na sikio lake.

"Chumba cha malaika hiki!" alisema, akijifuta udenda. "Hakuna hata inzi anayekohoa."

Wakamhamisha Mzee Soli siku ya Jumatano, na godoro, na ndoo, na pazia la maua. Alishukuru mara nyingi, mikono kifuani.

Alhamisi asubuhi funguo zilisikika zikija mpaka kwa kinyozi.

"Mtu wenu hajalala kwangu," alisema mwenye nyumba. "Godoro halijabonyea. Nimeligusa mwenyewe."

"Labda ni mwepesi, dada," kinyozi akajitetea, mkasi hewani.

"Mwepesi kama nini, kama barua? Mlango wangu nimeusikia ukifunguka, na lango nimelisikia. Sikilizeni. Mimi napangisha watu, sipangishi godoro. Akiwa hajalala ndani mpaka Jumapili, nampa chumba mtu mwingine. Waombaji ninao."

Mama Mto alikwenda barazani bado ana unga usoni. Mzee Soli alikuwa anashona kandambili na hakuinua macho.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Najua ulichokuja nacho."

"Chumba kina kasoro gani?"

"Hakina. Kizuri. Kizuri mno."

"Sasa mbona umerudi huku?"

"Nilitoka kunyoosha miguu, ikaninyoosha mpaka hapa."

Hakupata jingine. Benchi la kinyozi likachemka. Mmoja akasema mzee anaona haya, mwingine akasema godoro ni jembamba. Wakaongeza godoro la pili. Wakaongeza blanketi, kioo, na saa ya ukutani iliyokuwa haitembei. Ijumaa asubuhi magodoro yote mawili hayakuwa yamebonyea, na Mzee Soli alikuwa barazani ndani ya mstari wa chaki.

Mchana huo Mama Mto alikaa mezani kwake ameshika tama. Mumewe alimpakulia chakula, akamwona anainua kijiko, kijiko kikasimama njiani, na macho yakajifumba.

"Ndiyo hiyo," alisema fundi bomba.

Akashtuka. "Ndiyo nini?"

"Mke wangu, usinikasirikie. Wewe unaamka watu wengine wanapogeuka ubavu wa pili. Unakanda magunia ya unga. Ikifika mchana ungelala hata ndani ya pipa la lami. Unadhani vile vyumba ulikuwa unavipima?"

Alicheka, kwanza. Alicheka mpaka kijiko kikaanguka. Kisha kicheko kikamkauka mdomoni, maana alianza kuvikumbuka vyumba vyote, kimoja kimoja: kile cha kando ya mashine ya kusaga, kile cha jirani mwenye mbwa watatu. Vyote vilipita. Hakuna hata siku moja alipomwambia mtu mwenyewe, anayekwenda kulala pale, ajinyooshe kwanza.

"Unajua nilikuwa napima nini?" alisema. "Uchovu wangu."

"Sikutaka kukwambia. Ulikuwa unapumzika vizuri."

"Mjinga wewe," alisema, lakini kwa upole, na akauchukua mto.

Jumamosi alimshika Mzee Soli mkono kutoka barazani mpaka nyumba ndefu, akampa mto, akasema, "Leo mkaguzi ni wewe, baba. Mimi nakaa nje. Ukitoka, uniambie ukweli hata kama utaniuma."

Mzee alijifungia. Mama Mto akasimama ukumbini na mwenye nyumba. Baada ya kitambo mlango ukafunguka, mzee akatoka ameukumbatia mto.

"Mwanangu, nitakwambia, usinicheke."

"Sicheki."

"Kule barazani nikifumba macho, najua kila kitu. Nasikia gari la taka. Nasikia walinzi wanabishania mpira. Mlevi anapita anaimba, anakosea palepale anapokoseaga kila siku. Nikisikia dunia inaendelea na shughuli zake, nalala. Humu nikifumba macho, kimya. Naona kama dunia imezimwa. Inabidi niamke nikaangalie kama bado ipo."

"Kwa hiyo unatoka kuiangalia?"

"Natoka, naikuta ipo, naona nilale nayo hukohuko."

Mwenye nyumba alirusha mikono, funguo zikalia. "Makubwa! Watu wanahangaika kutafuta kimya, yeye anakikimbia!"

Hapo mlango wa chumba cha mbele ukafunguka kwa kishindo. Alitoka muuguzi wa zamu ya usiku, mpangaji wa siku nyingi, kanga kichwani, pamba masikioni, macho mekundu kama aliyekata vitunguu.

"Nani ametaja kimya?" aliuliza kwa sauti ya mtu asiyejisikia. "Kiko wapi? Nakitaka mimi!"

"Rudi ukalale, binti," alisema mwenye nyumba.

"Nilale wapi, mama? Dirisha langu liko barabarani. Nikitoka kazini, mwenye kuuza maji anapita, mwenye kuuza vyungu anapita, na yule wa ndizi ana kipaza sauti. Chumba cha nyuma kilipokuwa kitupu nilikuomba, ukasema ningoje!"

Mama Mto alimtazama muuguzi, akamtazama Mzee Soli, akahisi moyo unaumuka kama unga uliotiwa hamira ya kutosha.

"Dada yangu," alimwambia mwenye nyumba, "wabadilishane tu."

"Haiwezekani. Dirisha la mbele ndilo uso wa nyumba yangu. Unataka watu wapite waone viatu vibovu vinaning'inia usoni kwangu?"

"Mama," alisema Mzee Soli, "kinyozi amenipa kona ya kufanyia kazi. Dirishani sitatundika hata kamba ya kiatu. Mimi nataka masikio tu."

"Na mimi," alisema muuguzi, akichomoa pamba, "nisipopata chumba hicho nahama. Halafu ukae na uso wako hauna mtu ndani."

Mwenye nyumba alizihesabu funguo zake kwa vidole. Muuguzi alikuwa mpangaji wa kutegemewa, na ndiye aliyempima presha bure kila Jumapili.

"Sikubali kwa maneno," alisema mwishowe. "Nimeshaona magodoro mawili hayajabonyea. Alale sasa hivi, humo mbele, nishuhudie kwa macho yangu."

"Mchana huu, jua linawaka?" aliuliza Mama Mto.

"Huyu si anapenda dunia ikiendelea? Ndiyo hiyo, inaendelea."

Mzee Soli aliingia chumba cha muuguzi, akavua viatu akavipanga sawasawa kando ya kitanda, akalala chali, mto chini ya kichwa. Nje pikipiki zilipita. Mtu alimwita mtu. Mama Mto alisimama mlangoni amebana pumzi, maana akili yake yote ilikuwa kwenye mabati ya Jumatatu. Mzee alijigeuza. Akavuta shuka begani. Halafu, polepole, kama injini inayowashwa kwa kusukumwa, mkoromo ukaanza.

"Mungu wangu," alinong'ona mwenye nyumba. "Anakoroma kama trekta."

"Unataka asikorome?"

"Hapana. Angalau nitajua yumo."

"Lakini hicho ni kitanda changu," alilia muuguzi kwa kunong'ona. "Na nguo zangu zote zimo!"

"Nguo tutahamisha akiamka. Kule chumba cha nyuma kuna magodoro mawili," alisema Mama Mto.

Muuguzi hakungoja kuambiwa tena. Alikwenda mwisho wa ukumbi akiburuta kanga, mlango ukafungwa, na hakusikika tena mpaka magharibi.

Wakabaki wanawake wawili ukumbini. Mwenye nyumba alizishika funguo zake kwa mkono mmoja zisilie. Mara kule barabarani kipaza sauti kikakohoa, na sauti ikapasuka: "Ndizi! Ndizi mbivu! Ndizi tamu!"

Mwenye nyumba aliruka. Alitoka mbio kuelekea langoni, mkono juu, akiwa tayari kumtukana mtu. Mama Mto akamwahi, akamvuta upande wa gauni.

"Usimnyamazishe! Utamwamsha mzee!"

Mwenye nyumba alisimama akageuka kutazama dirisha. Mkoromo ulikuwa unaendelea, mzito, bila wasiwasi. Akamgeukia mwenye ndizi, aliyekuwa ameshakishusha kipaza sauti akingoja matusi yake.

"Endelea, baba," alimwambia. "Mbona umenyamaza? Ongeza sauti."