Ganda la Samaki wa Boksi

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ni ile niliyotoka zahanati na Bhoke, binti yangu wa kwanza, mgongoni, miguu yake imevimba kama iliyojazwa maji, nami natembea mbiombio kama mtu anayefukuzwa. Sikujua ninakimbilia wapi, maana tatizo lenyewe lilikuwa nyumbani.

Jana nimeona boksi kwenye kikapu chako, la wale samaki waliovingirishwa kwenye chenga za mkate wakagandishwa, ukaniuliza kama wanamfaa mtoto. Umefanya vizuri, kuuliza si ujinga. Ila jibu langu ni refu kidogo, basi kaa.

Mimi ni mtoto wa Rorya, kando ya ziwa, na kwetu samaki ni chakula kama ugali. Nikaolewa Itiryo, kwa Wakurya wafugaji, kwenye mji wa Mzee Chacha, boma la baba mkwe wangu. Mji ule haukuingiza samaki. Baba mkwe alisema harufu yake inaharibu maziwa. Sikubisha, maana maziwa yalikuwepo mpaka tunagawia majirani.

Kisha dhahabu ikachachamaa machimboni Nyakunguru. Hukuwaona watu wakati ule! Fundi aliacha nyumba haijaezekwa, mchungaji akaacha ng'ombe porini. Mtu akisikia duara fulani, yaani shimo la dhahabu, limetoa, anaondoka na tonge mdomoni. Marwa, mume wangu, alikuwa mmoja wao. Aliuza ng'ombe wa maziwa mmoja baada ya mwingine, apate mbao za kuzuia duara lisiporomoke na mafuta ya pampu. Akija nyumbani hakai. Anakula amesimama mlangoni, masikio yako barabarani, anasikiliza lori la mawe.

Nami nilikuwa na mimba ya pili, nimemwachisha Bhoke kunyonya. Maziwa ya ng'ombe hakuna tena. Kuku wote wameisha kwa kideri. Mtoto akabaki na uji mtupu.

Sitaki umwone Marwa kama baba mbaya. Alimpenda mwanawe. Ndiyo maana akaanza kununua samaki wa boksi kule Sirari, wanaotoka upande wa Kenya. Akawa anawaweka kwenye friza la duka la soda Nyakunguru. Jenereta likizimwa wanayeyuka, likiwashwa wanaganda tena, na wakinifikia mimi boksi limelowa. Niliwakaanga. Hawakuwa na kichwa wala mwiba, na walinukia kama maandazi. Baba mkwe alipita uani asijue kitu. Moyoni nilicheka, nikidhani nimepata njia ya kumlisha mwanangu samaki bila kumuudhi mzee.

Bhoke aliwapenda. Lakini alianza kuacha kucheza. Nikimweka hapa, namkuta hapahapa. Nywele zikawa laini, rangi ya kutu. Mashavu yakajaa, jirani akanisifu kwamba mtoto amenenepa, lakini mimi nikaona kuna kitu hakiko sawa. Nikawa nainuka, nakaa, nainuka tena. Mpaka nikambeba.

Nesi alibonyeza mguu wa Bhoke kwa kidole, na shimo likabaki.

"Anakula nini huyu?"

"Samaki, dada. Karibu kila siku."

"Samaki gani?"

Nikamweleza. Akafikiri, akaniuliza, "Na anapokula, anameza kipi?"

Hapo nikakumbuka vile vipande vyeupe nilivyokuwa nafagia chini ya kigoda kila siku, vimejaa sisimizi. Mtoto alikuwa anakula ganda la chenga na kumtema samaki.

Hakunigombeza. Alisema uvimbe ule si unene, ni utapiamlo. Aliniambia kugandishwa siyo ubaya, samaki aliyegandishwa vizuri bado ni samaki, anajenga mwili. Ubaya ni kumwacha ayeyuke kisha kumgandisha tena. Na lile ganda ni unga, mafuta na chumvi. Linajaza tumbo, lakini halimkuzi mtoto, na ndani ya ganda nene samaki mwenyewe ni kipande chembamba tu. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Akampa Bhoke dawa, akataka nimrudishe kila wiki. "Mtafutie dagaa," akasema, "uwatwange, uchanganye kwenye uji. Na maharage. Na maziwa ukipata."

Dagaa, kwenye mji ule! Ndiyo maana nilitembea kama nafukuzwa.

Nilimwambia mama mkwe nikilia. Unajua mila yetu hapa, baba mkwe na mke wa mwanawe hawazoeani, na mzee hakanyagi ndani ya nyumba ya mkwewe. Kwa hiyo maneno yangu yalipelekwa na mama mkwe mpaka zizini alikokuwa. Nilisikia mzee akikohoa. Asubuhi yake hakuwepo, na hakuna aliyejua alikokwenda.

Mwanangu, siku ile sikushika jembe wala sufuria. Nilizunguka uani mpaka jua likawa la utosi. Nilijua amekwenda kuwaita wazee wanirudishe kwetu.

Alirudi alasiri kwa miguu kutoka sokoni, furushi la dagaa begani. Harufu ilitangulia kufika. Vijana waliokaa barabarani walimwamkia shikamoo, kisha mmoja akashindwa kujizuia, akamwita tata, yaani baba kwa Kikurya.

"Tata, umehamia ziwani?"

"Nimehamia kwa mjukuu wangu," akajibu, asipunguze mwendo.

Akasimama mbele ya mlango wangu, akatua furushi, macho ameyaelekeza pembeni kama mila inavyotaka. Akasema kama anauambia mlango, "Mpikieni mtoto. Aibu haijazika mtu. Njaa ndiyo inazika."

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nilimwona mzee akiliishi neno hilo mchana kweupe.

Kesho yake Marwa akaja na boksi jingine. Alilikabidhi na tayari amegeuka.

"Mura, kaa," baba yake akamwita, kama Wakurya wanavyomwita kijana.

"Tata, lori linaningoja."

"Kaa."

Akakaa.

"Mtoto wako anakula nini?"

"Samaki, tata. Tena wa bei."

"Umewahi kumwona akimeza?"

Honi ikalia barabarani. Mzee akaiacha imalize. "Anayelisha anakaa, anaona kinachoshuka kooni. Wewe unatupa chakula na kukimbia. Hata ng'ombe ulionikuta nao, nilikaa nao malishoni."

Honi ikalia tena, kisha tukasikia lori likiondoka. Marwa aligeuza shingo kuelekea barabarani, lakini hakuinuka. Nikaleta uji wa dagaa. Akamlisha mwanawe mwenyewe, kijiko kwa kijiko. Bhoke akitema, anampangusa, anaanza upya.

Haikuwa kazi ya siku moja. Kila wiki zahanati, na kila wiki roho juu. Kwanza miguu ilinywea, tukaona mtoto alivyokonda kweli chini ya ule uvimbe, nikaogopa zaidi. Halafu siku moja akaninyang'anya kijiko na kulia kwa hasira kwamba uji umekwisha, na mama mkwe akapiga kigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani amezaa.

Marwa alirudi Nyakunguru, dhahabu haimwachi mtu upesi, na duara lake halikumpa cha kujivunia. Lakini akija nyumbani alikuwa anakaa chini. Baba mkwe hakuonja dagaa mpaka anakufa. Bhoke leo ni mama, yuko Turwa, ana sauti kubwa kuliko mimi.

Basi, mwanangu, sikukatazi boksi lako. Lisome, uone kama samaki ni wengi kuliko unga. Wakiwa wameyeyuka dukani, usinunue. Usidhani wanatosha peke yao. Mpe mtoto dagaa, maharage, yai, na mboga za majani. Na zaidi ya yote, keti mbele yake anapokula. Najua kazi zinakuita, na simu nayo haikuachi. Mimi mwenyewe mpaka leo nikimwona mtoto amekaa kimya mno, situlii mpaka nijue amekula nini.

Mungu akupe riziki isiyokukimbiza. Awape wanao damu nzito na mifupa migumu, wakuzike wewe, wewe usiwazike wao.